Mkono wa Mzee Elisha

Ninyi mnaoanza kazi kwenye maabara siku hizi mnapewa glavu boksi zima, maji yaliyofungwa kiwandani, na mtu wa kuwaonyesha kila hatua kwenye skrini. Siwaonei wivu. Nataka tu kuwaeleza habari za mikono, kwa sababu nimeishi kwa mikono yangu, na kwa sababu mzee aliyenifundisha kuitumia tumemzika Bugarama juzi juzi. Tangu matanga yaishe nimekaa kimya nyumbani, watu wakidhani naumwa. Siumwi. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Niliishia darasa la saba. Kabla ya maabara nilikuwa Nyarugusu, kwenye mwalo, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu. Kazi ya mwalo ni ya mkono mtupu. Unatumbukiza kwenye tope hadi kiwiko, unasugua, unapepeta kwenye karai, na wakati ule tulikamua zebaki kwa kitambaa kama tui la nazi, jambo ambalo leo simshauri mtu yeyote. Dhahabu yenyewe haijali umeishikaje. Ikanyage, iangushe topeni, isahau mfukoni mwa shati hadi lifuliwe. Ukirudi utaikuta ni ile ile.

Kwa hiyo nilipopata kazi ya kuosha vyombo kwenye kituo cha utafiti nje kidogo ya Kahama, niliona nimepata pumziko. Siku ya kwanza nikaingia, nikachukua chupa ya kioo iliyokuwa mezani, nikaiinua kwenye mwanga nione kama ni safi. Mtu akasema nyuma yangu, bila kupandisha sauti:

"Mama, umeshaua."

Nikageuka. Alikuwa mzee mrefu aliyeketi kwenye kigoda karibu na mlango, miwani imeshuka puani. Huyo ndiye Mzee Elisha, fundi mkuu wa sampuli.

"Nimeua nini, baba?"

"Bado hakikuwemo. Lakini kingewekwa, kingekufa."

Hivyo ndivyo nilivyosikia habari za RNA kwa mara ya kwanza. Nitawaeleza kama alivyonieleza yeye, maana sijapata maelezo yaliyo bora. RNA ni uzi mdogo sana unaobeba maagizo ndani ya kila kitu chenye uhai, na ndani ya virusi pia. Uzi huo haukai umenyooka. Ni kama kamba uliyoisokota mno kisha ukailegeza: inajikunja yenyewe, inajishika hapa na pale, inafanya vitanzi na vifundo. Na umbo la kile kitanzi ndilo linaloamua ni kitu gani kitakuja kukishika. Kituo chetu kilikuwa kinachunguza kitanzi kimoja tu, cha virusi vya michirizi ya kahawia, ule ugonjwa unaoozesha muhogo chini ya ardhi huku majani yakikudanganya kwamba shamba ni zima. Kama ungejua umbo la kitanzi, ungeweza kutafuta kitu kidogo cha kukishika kisifanye kazi. Hilo tu. Watu wa hapa wamelima muhogo ukaoza, hawakuhitaji kuelezwa mara mbili kwa nini tunahangaika.

Shida ni kwamba uzi huo unakufa upesi. Kwenye ngozi ya kila mtu, kwenye jasho, kwenye mate, kuna kimeng'enya kinachoukatakata. Kazi yake ni kutulinda na virusi, kwa hiyo si adui, lakini hakijui kutofautisha. Ukikichemsha kinatulia, maji yakipoa kinarudi kazini kama kibarua aliyetoka kunywa chai. Ndiyo maana vyombo vya kioo tulivioka kwenye tanuri lenye joto kali kupita la mkate, maji tukayatia dawa wenyewe na kuyaacha yalale, na glavu hazivuliwi.

Kuhusu mirija ya kioo inayoingia kwenye mashine, nisikilizeni vizuri, kwa maana hata leo naona vijana wanaiharibu. Ni myembamba kama penseli na ukuta wake ni kama ganda la yai. Usiisugue kwa brashi. Usiianike kwenye joto ikiwa imesimama au imeegemea, itapinda kidogo, jicho halitaona lakini mashine itaona, ilaze. Jaza maji ya sampuli kina cha vidole vitatu. Ukiona povu, gonga kwa ukucha juu yake, usitikise kama chupa ya dawa ya mafua. Mzee Elisha aliwahi kunifanya nioshe mirija asubuhi nzima kisha akauchukua mmoja, akautazama, akasema, "Huu unaweza kuuolea mke." Nilijua nimefaulu.

Mashine yenyewe vitabu vinaiita NMR. Sisi tuliita sumaku. Ilikuwa kama tangi kubwa la chuma lililosimama kwa miguu mitatu katika chumba chake, na ndani yake mna waya unaokaa kwenye heliamu ya maji, kitu chenye baridi kuliko baridi yoyote mnayoijua. Naitrojeni ya maji tulipata bila taabu, hata wapandishaji wa ng'ombe kwa chupa wanaitumia kuhifadhia mbegu za madume. Heliamu ilitoka mbali, na ilikuwa ikipungua kila siku, utake usitake.

Habari za sumaku zilifika machimboni zikiwa zimeongezewa chumvi. Ikasemwa tuna mashine inayovuta dhahabu kutoka ardhini. Broka mmoja tuliyefahamiana Nyarugusu akaja na jiwe lake mfukoni, amevaa mkanda wenye chuma kipana mbele kama sahani. Tulimkataza kuvuka mstari mwekundu sakafuni. Akavuka. Sumaku ikamkamata mkanda, akaanza kwenda nayo kiuno kikitangulia, huku anashika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Tulipomnasua alikuwa amekasirika kweli.

"Mashine gani hii? Inang'ang'ania chuma cha mkanda, na jiwe la dhahabu haina habari nalo."

"Ndiyo sababu haijatajirika," akasema Mzee Elisha.

Sumaku haivuti dhahabu. Inachofanya ni hiki. Ndani ya ule uzi kuna chembe za haidrojeni, na kila moja ni kama sumaku ndogo. Zikiwa ndani ya sumaku kubwa zinajipanga. Ukizipigia wimbi la redio zinayumba, zikiwa zinarudi zinatoa sauti zao, na kila moja ina sauti tofauti kidogo kulingana na jirani aliye naye. Kompyuta inazichora kama vilele vya milima. Kuna vilele fulani upande wa kushoto kabisa ambavyo huonekana tu pale uzi unapojishika wenyewe. Ukiviona, kitanzi kipo. Vikipotea na mahali pengine zikaota sindano nyembamba nyingi, uzi umekatika vipande.

Na kujua nani anamtambua nani, unatia kile kitu kidogo ndani ya mrija na kupima tena. Ni kama mgeni anapoingia msibani. Watu wamekaa, wengi wanaendelea kutazama chini. Wale wanaomfahamu ndio wanaogeuza vichwa. Kilele kikihama mahali pake, hapo ndipo mgeni aliposhika.

Sasa niwaambie habari niliyokusudia.

Alikuwepo msichana anaitwa Dotto, mtoto wa Kahama hapa hapa, aliyekuwa akisomea shahada yake ya juu kwa kazi ya kitanzi hicho. Alikuwa na malighafi ya kutengeneza sampuli chache tu, zile zenye alama maalumu ili mashine izisome vizuri, na malighafi hiyo iliagizwa ng'ambo kwa miezi. Mwaka huo tukaambiwa heliamu nyingine haitafika. Ikipungua chini ya kiwango, sumaku itazimwa. Kwa hiyo Dotto alikuwa na malighafi inayoisha na mashine inayoisha.

Sampuli yake ya kwanza ikafa. Siku ya kwanza vilele vilikuwa vizuri, kufikia siku za mwisho za kipimo zikaota sindano. Akabadilisha maji. Ya pili ikafa. Wakati huo Mzee Elisha akafiwa na kaka yake, akaenda Bugarama, akakaa huko hadi mambo ya msiba yakamalizika. Akiwa hayupo, Dotto alitengeneza sampuli ndogo ya majaribio. Ikaishi. Ilikaa ndani ya sumaku hadi tukachoka kuitazama. Mzee akarudi, amenyoa kichwa, mpole kama kawaida. Sampuli iliyofuata ikafa.

Dereva wetu, Sospeter, kijana wa Geita mwenye mdomo usio na breki, akasema jikoni akinywa chai, "Mimi sijasoma, lakini nahesabu. Mzee akiwepo, vinakufa. Mzee akiondoka, vinaishi."

Watu wakacheka. Kesho yake hawakucheka. Mpishi akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimewahi kutazama macho ya yule mzee, jinsi yalivyo mekundu. Yalikuwa mekundu kwa sababu alikuwa akitazama mirija kwenye mwanga tangu mimi sijaolewa. Lakini nyote mnaosoma haya mmezaliwa huku, mnajua macho mekundu ya mtu mzima yanavyosemwa kuwa ni ya kichawi, na mnajua kwamba maneno ya namna hiyo hayabaki jikoni. Yanatoka, yanapanda basi, yanafika kijijini kwa mtu kabla yake. Nyumba ya mzee ilikuwa huko Bugarama, mke wake alikuwa huko peke yake, na msiba wa kaka ulikuwa bado mbichi. Niliogopa sana, na sikuogopea sampuli.

Dotto akanifuata kwenye chumba cha kuoshea.

"Mama Limi, nimwambieje? Ni mkubwa kuliko baba yangu. Nimwambie ukiwepo wewe kazi yangu inakufa?"

"Mwambie hivyo hivyo."

"Atadhani na mimi namfikiria vibaya."

"Akisikia kutoka kwa Sospeter atadhani nini?"

Tukaenda wote wawili. Alikuwa kwenye kigoda chake. Dotto alizungumza akiangalia sakafu. Mzee Elisha akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa koti.

"Jikoni wanasemaje?" akaniuliza mimi.

Nikamwambia yote, na ya macho pia. Sikupunguza kitu.

"Sawa," akasema. "Sospeter amehesabu vizuri. Hesabu yake ni ya kweli. Sasa na sisi tuimalize. Nikiwepo, mnafanya nini ambacho nikiwa sipo hamfanyi?"

Tukafikiri. Dotto akasema anafanya vilevile. Mimi nikasema vyombo naosha vilevile. Mzee akasema basi kesho msibadilishe chochote, njooni kama mnavyokuja siku zote, mimi nitakaa hapa nitazame.

Asubuhi akaja Dotto, ameshavaa glavu kutoka chumba cha nje kama utaratibu unavyotaka. Akafika mlangoni, akamwona mzee. Akavua glavu zote mbili, akapiga goti kidogo, akampa mkono.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Kisha akazivaa tena zile glavu, akizivuta kwa vidole vitupu, akaelekea mezani.

"Simama hapo hapo," akasema mzee.

Dotto akasimama.

"Hizo glavu umezivaaje?"

Akaitazama mikono yake. Na mimi nikaitazama yangu, kwa kuwa nilikuwa nimefanya vivyo hivyo dakika chache kabla yake, nikasema "mwangaluka", salamu yetu ya asubuhi ya Kisukuma, na kupokea mkono wake kwa mikono yangu miwili. Kila mtu katika jengo lile alifanya hivyo. Nani kwetu angempa mzee mkono wenye mpira? Ni kama kumsalimia mtu umevaa soksi usoni. Ukishavua, vidole vyako vitupu ndivyo vinavyoishika glavu upande wa nje unapoirudisha, na upande huo wa nje ndio unaoshika mrija. Mzee alipokuwa msibani hapakuwa na mtu wa kuvuliwa glavu. Sisi kwa sisi tulipungiana tu.

Mzee Elisha alicheka hadi akashika mbavu. "Mnaniua kazi kwa heshima," akasema.

Dotto alikuwa anacheka na kulia. Akasema basi tumejua, tuanze kazi, heliamu inapungua. Mzee akatikisa kichwa.

"Wewe na mimi tumejua. Jikoni hawajajua."

Dotto akasema hakuna muda. Mzee akamwambia, kwa upole uleule, kwamba mke wake yuko Bugarama peke yake. Dotto akasema, "Leo mchana, baba. Nitaandaa mwenyewe."

Akatumia RNA ya kawaida, ile isiyo na alama. Tukaita watu wote: mkurugenzi, mlinzi, mpishi, Sospeter, mkulima wa bustani. Kila mmoja akatumbukiza ncha ya kidole kwenye tone lake la maji safi, na tone hilo likachanganywa na RNA. Tone moja halikuguswa na mtu. Mzee Elisha akatoa kidole chake wa mwisho, mbele ya wote. Kisha yote yakapangwa kwenye jeli, ute ulioganda unaotenganisha nyuzi kwa urefu wake, umeme ukapitishwa, tukasubiri. RNA nzima kwenye jeli huonekana kama mstari mmoja mnene chini ya taa ya zambarau. Iliyokatika huwa kama moshi, au haionekani kabisa.

Taa ilipowashwa, palikuwa na mstari mmoja tu: wa lile tone lisiloguswa. Kote kwingine ni moshi. Wa mkurugenzi ni moshi. Wa mpishi ni moshi. Wangu ni moshi. Wa mzee ni moshi kama wetu.

"Huu ni wa nani?" akauliza Sospeter, akionyesha mahali palipokuwa peusi kabisa, hata moshi haukubaki.

"Wako," akasema Dotto.

Mzee Elisha akamtazama juu ya miwani yake.

"Naona tuko wengi, mwanangu."

Sospeter alicheka kabla ya wengine, na kwa hilo nilimsamehe. Yeye ndiye aliyeipeleka habari hiyo hadi stendi ya Kahama na vijiweni huko Bugarama, jinsi mkono wake ulivyokuwa mkali kuliko wa mzee, akijisifu kabisa. Mdomo ule ule ulioliwasha lile neno ndio uliolizima. Tangu siku hiyo sikusikia tena mtu akitaja macho.

Mzee akaweka sheria mpya. Ndani ya jengo hakuna kupeana mkono. Ukifika mlangoni, unaweka viganja vyako viwili kifuani, unainamisha kichwa, unasema shikamoo ukiwa palepale. Naye anaweka viganja kifuani, anasema marahaba. Msidhani ilikuwa rahisi. Wiki za mwanzo watu walijisikia kama wanamnyima mzee haki yake, na mlinzi alikuwa anakwenda nje kumvizia getini ili ampe mkono wa kweli. Mzee akamkatalia hata huko. "Ukizoea getini utasahau mlangoni," alisema. Miaka mingi baadaye, ule ugonjwa wa dunia nzima ulipokuja na kila mtu akaambiwa asishikane mikono, sisi tuliwatazama tu. Mlikuwa mnatufuata.

Dotto akatengeneza sampuli ya mwisho. Mzee Elisha hakuingia. Alisimama nje ya kioo muda wote, mikono kifuani, kama mtu anayesalimia. Mrija niliuosha mimi, nikaulaza mimi. Ukaingia kwenye sumaku. Siku ya kwanza vilele vya kushoto vilikuwepo. Siku zilizofuata vilikuwepo. Heliamu ikawa inakaribia kiwango cha mwisho, Dotto akatia kile kitu kidogo alichokuwa akikitafutia mahali, akapima tena, na vilele vichache vikahama, vingine vikatulia palepale. Aliweka kidole kwenye skrini, kimoja baada ya kingine, akivitaja. Wamegeuza vichwa, nikamwambia. Hakujua nasema nini, nikamweleza baadaye.

Sumaku ilizimwa baada ya hapo. Nilipita karibu yake na funguo zangu, hazikuvutwa. Niliumia kidogo.

Sitawadanganya: hatukupata dawa ya muhogo. Tulipata kujua mahali pa kushika, na Dotto akapata shahada yake, na leo yuko kwenye mashine kubwa kuliko yetu, na wengine wanaendeleza kutoka pale alipoishia. Kazi hii ndivyo ilivyo. Mtu anayetaka kuona mwisho wake mwenyewe aende akachimbe dhahabu, na huko nako anaweza asiuone.

Mzee Elisha alistaafu kabla yangu. Tulikuwa tukikutana sokoni Kahama au kanisani, na kwa mazoea tu, bila kufikiri, tukawa tunaweka viganja kifuani hata huko, watu wanatushangaa. Nilipostaafu na mimi, hatukuacha.

Alipougua nikaenda Bugarama kumwona. Binti yake alinipeleka hadi chumbani, akaenda kupika uji. Nilisimama mlangoni, nikaweka viganja kifuani, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

Alikuwa amelala ubavu, amekonda, miwani iko mezani. Alianza kuinua mikono yake kuipeleka kifuani. Ikafika katikati, akaishusha.

"Sogea, Mama Limi," akasema. "Leo hatuna sampuli."

Nikasogea, nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikaupokea mkono wake kwa mikono yangu miwili, kama nilivyofanya zamani kabla hatujajua. Ulikuwa wa moto na mwepesi, na ngozi ya vidole ilikuwa nyororo kuliko yangu, mkono wa mtu aliyeishi ndani ya glavu. Akaweka wa pili juu.

Kwa hiyo, vijana, msivue glavu kazini, hata aje nani. Mkitoka nje zivueni, osheni mikono, na nendeni mkasalimie watu wenu.

Uji ulipoiva binti yake aliuleta kwenye kikombe, akaninyooshea. Mikono yetu yote minne ilikuwa na kazi. Akakiweka mezani kando ya miwani, akatoka.